Sala Isiyo na Jina

Walimwita Mama Chanuo tangu kabla hajawa mama wa mtu yeyote. Alipokuwa msichana anayejifunza kusuka, alikuwa na tabia ya kuchomeka chanuo kwenye nywele zake na kulisahau humo. Akaenda nalo sokoni, akaenda nalo kwenye misiba, na siku ya harusi yake mwenyewe mama yake alilichomoa mlangoni mwa kanisa huku akisonya. Jina likaganda, na yeye hakulikataa.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana, viti vya kusukia, draya mbili ambazo moja ilifanya kazi pale tu ilipotaka yenyewe, na pazia lililotenga kijichumba cha nyuma alikoweka ndoo za maji, mafuta na mafungu ya rasta. Ukuta wa kushoto alichangia na mwanamke wa rika lake aliyeshona nguo. Huyo kila mtu alimwita Fundi, hata mumewe alipokuwa hai. Alikuwa mrefu, mkavu kama fito, na ulimi wake haukuwa na breki. Cherehani yake ilisikika ukutani kutwa nzima, na Mama Chanuo alikuwa amezoea kusuka kwa mwendo wake.

Kila adhuhuri Fundi aligonga ukuta kwa mkasi. Mama Chanuo alimwomba mteja radhi, akaingia nyuma ya pazia, na Fundi akaja na nyuzi zimemganda kwenye gauni. Wakasali wamesimama, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kupiga magoti wawili. Sala zao hazikuwa laini hata kidogo. "Bwana Yesu," Fundi alikuwa akisema, "unamwona huyu mwenye nyumba wetu. Mguse wewe kabla sijamgusa mimi." Wateja waliokaa mbele walisikia, wakacheka, na wale wawili wakatoka nyuma ya pazia kila mmoja akarudi kwenye kazi yake kana kwamba wametoka kunywa maji.

Mama Chanuo alikuwa mjane. Mumewe, mjenzi, alianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao akipiga lipu ghorofani, na binti yao wa pekee alikuwa bado anavaa sare za shule ya msingi. Siku ya mazishi, mchungaji wa wakati ule alisema makaburini kwamba anayelia kama mpagani anaonyesha haamini ufufuo. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameanza kulia. Shangazi yake, dada wa marehemu, akamziba mdomo kwa kiganja na kumbana kifuani mpaka wimbo ukaisha. Mama yake aliona. Alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, na hakuvuka.

Binti aliendelea kwenda kanisani mpaka alipomaliza shule, kisha akaacha. Hakugombana na mtu wala kutoa hotuba. Jumapili moja alikuwa na homa, iliyofuata alikuwa na kazi, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Akaajiriwa kwenye ofisi ya matangazo, akapanga chumba chake. Jumamosi alipita saluni kumletea mama yake matunda na kumsimulia habari za ofisini, na mambo ya Mungu wakayakwepa wote wawili kama watu wanaokwepa kiti kibovu sebuleni.

Kwa miaka mingi, kila Mama Chanuo alipoanza kuimba tenzi huku anasuka, wateja waliongeza sauti ya redio. Hakuchukia. Alijua watu wamechoka na dini. Lakini polepole mambo yalianza kugeuka, wala hakuweza kusema yaligeuka lini. Alikuja mteja mwenye jiwe la zambarau kwenye uzi shingoni, akaeleza kwamba linanyonya huzuni. Mwingine alisimulia jinsi anavyosimama peku kwenye nyasi zenye umande ili ardhi imtoe uchovu. Wasichana wakawa wanazungumza juu ya nafsi, nishati, utulivu wa ndani, majeraha ya utotoni. Mama mmoja wa benki, aliyekuwa akiwaita waenda kanisani "wale watu wa kelele", siku moja alifumba macho chini ya draya na kuuliza, "Hivi Mama Chanuo, wewe unaamini kuna nguvu fulani?"

Fundi aliposimuliwa alishika kiuno. "Nguvu fulani! Mungu wa miaka yote hii leo amekuwa 'fulani'. Kama mtu anayetafutwa na polisi."

"Usicheke, Fundi. Watu wana njaa."

"Njaa ya mawe?"

"Njaa tu. Wanaokota chochote. Si hiki ndicho tulichokuwa tunaomba nyuma ya pazia hapa? Kwamba watu waanze kuuliza? Sasa wanauliza."

Fundi alimwangalia, akatabasamu upande mmoja. "Haya. Fungua mlango tuone."

Basi Mama Chanuo akaanza Jumatatu zake. Siku hiyo saluni ilikuwa haifunguliwi. Alipanga viti kwa duara, akafagia nywele mpaka pembeni, akawaambia wateja kwamba alasiri atakaa hapo kwa ajili ya yeyote anayetaka kusali au kukaa kimya. Siku ya kwanza walikuja wachache: mama wa benki, msichana wa jiwe la zambarau, jirani mmoja aliyefiwa, na Fundi. Wakati wameshaanza, mlango ukasukumwa, akaingia binti yake. Hakuwa amemwalika. Alikuwa amesikia kwa mteja. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba ameupakata, kama mtu anayesubiri gari.

Mama Chanuo akamwona. Akaendelea. Alisimulia habari za yule mwanamke aliyetokwa damu miaka mingi, aliyepenya katikati ya umati akagusa pindo la vazi la Yesu. Fundi aliipenda habari hiyo kuliko zote na hakuweza kujizuia kusema kwamba pindo hilo lazima lilishonwa vizuri. Wakacheka. Kisha wakakaa kimya, na hapo ndipo Mama Chanuo alipoona jambo ambalo hakulitarajia. Wale watu walikuwa wanapenda kimya. Walizama ndani yake kama waliochoka wanavyozama kitandani. Akainuka, akapita kwa kila mmoja akimwekea mikono kichwani, mikono iliyokuwa imeshika vichwa maisha yake yote, ikijua wapi panauma na wapi mtu hapendi kuguswa. Yule jirani aliyefiwa akalia. Mama wa benki akalia. Binti yake hakulia, ila alifumba macho.

Jumatatu zikaongezeka watu. Walileta dada zao, wafanyakazi wenzao. Ila kila Mama Chanuo alipofika kwenye msalaba, au toba, au alipomtaja Yesu mara mbili tatu mfululizo, alisikia viti vikilia. Mtu alikohoa. Mtu aligeuza simu mapajani. Aliporudi kwenye kimya, walirudi naye.

Jioni moja binti yake alibaki kumsaidia kurudisha viti.

"Mama, una kipawa," alisema. "Sisemi ili kukufurahisha. Ofisini tunalipa watu waandike maneno ya kumgusa mtu, na hawafiki hata robo yako."

"Si mimi, mwanangu."

"Sawa. Lakini ukifika kwenye lile jina, watu wanafunga mlango. Nawaona. Wamekuja na moyo wazi, halafu unaufunga."

"Jina gani?"

"Unajua ni jina gani."

Mama Chanuo alikaa kwenye kiti alichokuwa amekishika. "Hilo jina ndilo lenyewe, mwanangu. Bila hilo mimi sina cha kuwapa."

"Kwako." Binti aliendelea kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. "Mimi nikilisikia, nasikia kiganja cha shangazi mdomoni. Bado. Na mtu mzima nilivyo."

Mama yake angejibu nini? Alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi.

Jumatatu iliyofuata alimtaja Yesu mara moja tu, mwishoni, harakaharaka, kama mtu anayepita mbele ya mbwa aliyelala. Binti yake aliuweka mkoba sakafuni. Wiki nyingine akasema "Baba" peke yake. Baadaye akasema "Wewe uliye karibu". Alijiambia kwamba anawanywesha maziwa kwanza, chakula kigumu kitakuja. Siku moja alifika mwisho bila kutaja yeyote. Alikuwa amesema tu, kwa sauti ya chini iliyokuwa imejitokeza yenyewe Jumatatu zile, "Pumzika. Umeshikwa. Unapendwa. Weka chini unachobeba." Siku hiyo binti yake alilia. Alimlalia begani akalia kwa sauti, kamasi na machozi, mwanamke mzima mwenye viatu vya ofisini, na mama yake akamshika akiwaza kwamba kama hii si kazi ya Mungu basi yeye hajui kazi ya Mungu ni ipi.

Watu walipoondoka, Fundi alibaki mlangoni.

"Leo umemwomba nani?"

"Mungu. Nani mwingine?"

"Nimekusikiliza mwanzo mpaka mwisho, dada. Ungeweza kuwa unaongea na mto wa kulalia."

"Binti yangu amelia, Fundi. Tangu baba yake azikwe hajalia mbele yangu. Unataka nimfukuze?"

"Sitaki umfukuze. Nataka umpe kitu."

"Nampa mahali pa kukaa."

"Hata benchi la kituo cha basi ni mahali pa kukaa," alisema Fundi, akaenda zake.

Walikuwa wamewahi kukwaruzana zamani, na siku zote Fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza kugonga ukuta. Safari hii mkasi haukusikika kesho yake, wala keshokutwa. Jumatatu zikaja bila yeye. Cherehani ilianza asubuhi ikanyamaza mchana, siku nyingine haikuanza kabisa. Mama Chanuo alijisemea, amenuna, yatampita. Na kweli alikuwa na mambo mengi. Kwa ndani, ingawa hakukiri, ilikuwa nafuu kidogo kutosikia ule ulimi.

Binti yake alikuwa ameanza kumrekodi kwa simu. Sauti ile ikasambaa. Watu walioishi mbali waliisikiliza kwenye foleni, jikoni, kabla ya kulala. Saluni haikutosha, wakahamia ukumbi wa shule. Binti alipanga mishumaa, mikeka, muziki wa taratibu, akasimama mlangoni kupokea watu akiwa na uso ambao mama yake hakuwa ameuona tangu alipokuwa mtoto. Sokoni muuza vitunguu alimsikia Mama Chanuo akiulizia bei, akashika kifua. "Wewe si ndiye yule wa 'pumzika'? Mama yangu, sauti yako inanilaza!"

Mchungaji akamwita. Huyu alikuwa kijana, mwenye miwani na ofisi iliyojaa viti vya plastiki. Mama Chanuo alikwenda akijua anakwenda kukaripiwa, na njiani alijikuta analiombea hilo karipio lije. Mchungaji akamkaribisha kiti, akasema kanisa linajivunia.

"Watu siku hizi wanatafuta mambo ya rohoni, mama. Wanatafuta kila mahali isipokuwa kwetu. Wewe umepata mlango. Nataka utufundishe. Jumapili, kabla ya mahubiri, tupate dakika chache za utulivu kama zile zako."

"Mchungaji, kule simtaji Yesu."

"Nimesikia, nimesikia. Ni hekima."

"Hata kidogo simtaji."

Akacheka kwa upole. "Si yumo humo humo ndani, mama? Anajulikana."

Mama Chanuo alitoka bila lile karipio aliloliombea. Alipofika saluni aliutazama ukuta wa kushoto, akainua mkono agonge yeye mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mteja akaingia. Akashusha mkono.

Mdogo wake Fundi ndiye aliyeleta habari. Alikuja asubuhi kufungua duka la dada yake atoe vitambaa vya watu, na Mama Chanuo alipomuuliza yuko wapi mwenyewe, yule mwanamke alishangaa. "Kumbe hujui? Yuko hospitali. Ni ini. Wamesema limeshaenea. Alikataa tukuambie. Alisema una shughuli nyingi za watu."

Mama Chanuo akamwacha mteja amesukwa nusu ya kichwa kwa msichana aliyemsaidia kazi, akaenda.

Wodi ilikuwa ndefu, vitanda vimesogeleana mpaka wageni walikaa migongo ikigusana. Fundi alikuwa kitanda cha dirishani. Macho yalikuwa ya manjano, na mikono iliyokuwa ikikata jora zima la kitambaa bila kupumzika ilikuwa imelala juu ya shuka kama vitu vya mtu mwingine. Alipomwona alitabasamu upande mmoja.

"Njoo, msusi. Kazi imepungua huku kichwani."

"Fundi. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ungeniambia nipumzike." Akacheka, kicheko kikamuumiza.

Mama Chanuo alitoa chanuo, akamchana polepole zile nywele zilizobaki. Hawakuzungumza juu ya ugomvi. Fundi aliuliza habari za binti, za mwenye nyumba, za draya mbovu. Kisha akamshika kifundo cha mkono.

"Niombee."

Mama Chanuo akamwekea mikono kichwani, akafumba macho, na maneno yakaja yenyewe, laini, yamepangika. "Pumzika. Umeshikwa. Unapendwa. Weka chini..."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akamnong'oneza aliyekuja kumwona, "Sikia, kama ile sauti ya kwenye simu."

"Acha," alisema Fundi. Alikuwa amefumbua macho. "Usinipe hiyo. Naogopa, dada. Usiku na mchana naogopa, nikijaribu kuomba mwenyewe siendi popote. Niombee kama zamani. Mwite kwa jina."

Mama Chanuo alifumba macho tena. "Bwana Yesu," alisema.

Na hapo akakwama. Jina lilitoka, ila lilitoka kama jina la mtu uliyesoma naye zamani, ambaye uso wake huukumbuki. Alitafuta ule ukali wa nyuma ya pazia, ile hali ya kuongea na mtu aliyesimama pale pale amekunja mikono akisikiliza. Akasema tena, "Bwana Yesu, unamwona Fundi." Alijisikia akimwigiza Mama Chanuo. Akaongeza maneno mengine, mazuri, yote aliyokuwa akiyajua, akapandisha sauti mpaka wageni wakageuka. Fundi alimsikiliza kwa makini, kama alivyokuwa akivuta mshono uliotoka kwa fundi mwingine aone kama utashika.

"Basi," alisema mwishowe, bila hasira. "Inatosha."

"Nitajaribu tena. Nimeshtuka tu."

"Nilidhani wewe bado unaye." Fundi akageuza uso dirishani. "Nilikuwa nakutegemea wewe."

Alikaa naye mpaka wageni walipotolewa. Alimletea uji siku iliyofuata akakuta amelala, hakuamka. Fundi hakufika mwisho wa wiki. Mdogo wake alisema kwamba saa za mwisho alikuwa akishikashika shuka, akifuatisha pindo kwa vidole, na ukimuuliza anataka nini hasemi. Mama Chanuo aliomba apewe kazi ya kumsuka kabla ya mazishi. Akamsuka mistari minyoofu. Makaburini hakuna aliyekatazwa kulia, na yeye hakuweza.

Jumatatu iliyofuata ukumbi ulijaa. Binti yake alitaka wasitishe, mama akakataa. Akasimama mbele ya mishumaa akiwa na gauni la mwisho aliloshonewa na Fundi, akawaambia kila kitu. Akawaambia kwamba rafiki yake alikufa na hofu, na kwamba alipomwomba kitu cha kushika, yeye hakuwa nacho. Akawaambia kwamba aliyewashika mikononi jioni zote zile ni Yesu Kristo, aliyesulubiwa, na kwamba yeye alimficha ili viti visilie. "Niliwanyang'anya," alisema. "Nimewapa mto wa kulalia. Mtakapokuwa mnakufa mto hautawasaidia."

Alitegemea wainuke waondoke. Alitegemea mtu apige kelele. Hawakufanya hivyo. Walimsikiliza kwa macho ya huruma, wengine wakiitikia kwa vichwa. Alipomaliza, wakakaa kimya kile kimya chao kizuri. Kisha mama wa benki akamfuata, akamshika mikono yote miwili. "Asante kwa kutufungulia moyo. Ni safari yako, na tunaiheshimu." Msichana wa jiwe la zambarau alilivua akamvisha shingoni, akisema linasaidia sana kwenye msiba.

Binti yake alimngoja nje, karibu na geti.

"Umemaliza?"

"Mwanangu, nilikuwa nakudanganya."

"Hukunidanganya. Nilikuwa nimepata mahali pa kulia, mama. Mahali pamoja tu, duniani kote. Leo umesimama mbele za watu ukaniambia machozi yangu yalikuwa bure." Hakupandisha sauti. "Wewe na yule mchungaji wa makaburini mnatofautiana nini?"

"Sikusema hivyo."

"Lakini ndicho nilichosikia."

Akamwitia teksi, akamfungulia mlango, akahakikisha amekaa vizuri. Adabu hajawahi kumkosea. Yeye akarudi ndani kuzima mishumaa.

Sasa binti ndiye anayeongoza Jumatatu zile, kwenye ukumbi mkubwa zaidi, na watu wanasema amemrithi mama yake sauti. Huwa anapita saluni Jumamosi na matunda. Wanazungumza habari za ofisini, bei za vitu, afya. Mara moja Mama Chanuo alijaribu kumwomba msamaha kwa habari ya lile kaburi, kwa kutovuka upande wa pili. Binti alisema, "Yamepita, mama," akaangalia simu.

Jumapili Mama Chanuo huenda kanisani. Kuna siku alikaa benchi la nyuma kabisa, akitaka tu kusikia mtu mwingine akimwita Yesu kwa nguvu, labda amfuate kwa nyuma. Taa zikapunguzwa. Mchungaji akawaambia wafumbe macho, wafuate pumzi zao, waweke chini wanachobeba. Alikuwa amejifunza vizuri. Hata ule mkato wa pumzi kati ya "umeshikwa" na "unapendwa" ulikuwa wake Mama Chanuo mwenyewe. Waumini walikuwa wengi kuliko zamani. Alikaa mpaka mwisho, akapeana nao mikono, akarudi nyumbani.

Anasali bado, kama kusali ni kutamka. Asubuhi kabla hajafungua hutaja lile jina, akangoja, akalitaja tena. Hajaacha, kwa sababu hajui kitu kingine cha kufanya na asubuhi. Hakuna kinachomjibu. Aliwahi kumweleza mdogo wake Fundi kwamba ni kama kupiga hodi kwenye nyumba ambayo unajua wenyewe wapo ndani, ila ulichofanya wewe mara ya mwisho ndicho kinachowafanya wakae kimya. Yule akamwambia Mungu hana kinyongo. Akajibu kwamba hilo analijua, amelifundisha mara nyingi.

Majuzi alikuja mteja mgeni, mwanamke kijana aliyevaa viatu viwili visivyofanana bila kujua. Akakaa, akasema asukwe chochote. Katikati ya kazi akaongea akiangalia kioo.

"Wanasema wewe zamani ulikuwa unaombea watu."

"Zamani."

"Mwanangu anaumwa. Wamemlaza. Niombee."

Mikono ya Mama Chanuo ilisimama. Ilikuwa tayari iko juu ya kichwa cha mtu, haikuwa na haja ya kwenda popote. "Nenda kanisani kwetu," alisema. "Lipo hapo juu tu, kwenye kona. Watakuombea."

"Nimetoka huko sasa hivi," alisema yule mwanamke. "Wameniambia nipumue."

Mama Chanuo alifumbua mdomo. Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matangazo. Yule mwanamke alingoja, macho kwenye kioo, kisha akaacha kungoja, na Mama Chanuo akachukua chanuo, akatenganisha fungu lililofuata, akaendelea kusuka. Alimsuka kwa uangalifu mkubwa. Nywele zilitoka vizuri sana.